Usiifute Kompyuta ya Baba Yako

Mjukuu wangu,

Nimekwenda kliniki. Chakula kimefunikwa jikoni, kipashe moto. Kompyuta usiiguse kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Asubuhi umeme haukukatika, ni mimi niliyechomoa waya. Uliponiambia umepakua mfumo mpya wa kompyuta na kuuchoma kwenye sidii, nilikupongeza. Mara mashine ikauliza kama ifute vyote, nawe ukacheka: “Futa tu, Bibi, humo mna takataka.”

Humo mna sauti ya marehemu baba yako, aliyoirekodi mwenyewe akiwa wodini. Sina nyingine.

~~Sidii nimeivunja.~~ Sidii nimeificha.

Kitendawili: hana mdomo, udongo umemfunika, na bado ananiita mama. Mtoe humo kwenye mashine kwanza, umweke mahali salama. Kisha tazama chini ya mto wangu.

Bibi yako, yuleyule mshamba wa kompyuta