Vizibo Vitano vya Dawa ya Nyanya

Rosettenville, Johannesburg

Mdogo wangu Editha,

Kamwene. Mmeamkaje huko nyumbani? Magoti ya mama yanamruhusu kwenda jumuiya, au bado anasali nyumbani? Na baba, ule mkono wake wa kulia unatetemeka vilevile, au baridi ya Iringa imeuzidishia? Mimi ni mzima, nakula, nashona. Wiki iliyopita umeme ulikatika siku mbili, mwenye duka akatuletea cherehani ya miguu, nikawaonyesha wenzangu kazi. Hizo ndizo habari nzuri. Zilizobaki kaa chini uzisome polepole.

Nimeandika kwenye karatasi makusudi. Kwenye simu ningerekodi, ningejisikiliza, nikafuta. Karatasi nampa dereva wa lori anayepita Tunduma. Akishaondoka nayo sina ujanja tena.

Editha, nakuonea wivu. Nimesema.

Siku makala yako ya gazetini kuhusu dawa za mashambani ilipotufikia huku, nilikuwa napiga pasi suruali ya mteja. Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu ninayeshona naye meza moja, akaanza kuisoma kwenye simu kwa sauti. Akasoma habari za nyuki waliohama, kambale walioelea tumbo juu pale mtoni, wanawake wanaofua nguo za kupulizia dawa kwenye maji ya kunywa, sumu zinazowekwa kwenye chupa za soda karibu na chakula. Mafundi wote wakasimamisha cherehani. Alipomaliza akapiga meza. "Eish! Huyu mwanamke iko na kichwa! Vero, huyu haiko wa kwenu?"

Nikamwambia Tanzania ni kubwa.

Ndivyo nilivyokukana, mdogo wangu, pasi ya moto mkononi. Nikaongeza kwamba maneno yale hata mtoto wa darasa la saba angeyaandika. Mama Furaha aliweka simu mezani. Aliinuka, akaenda kwenye rafu tunakoweka vyakula, akachukua chupa ya dawa ya mende aliyoinunua barabarani Hillbrow, ile wanayomimina kwenye chupa ya soda isiyo na kibandiko, akaitoa nje kabisa. Chupa hiyo ilikaa mwaka mzima jirani na mafuta ya kupikia. Mwaka mzima nilimpigia kelele aitoe, akawa ananicheka tu. Wewe umemwambia mara moja, wala humjui, akatii. Hapo ndipo wivu uliponipanda kichwani.

Maana mwandishi nilikuwa mimi. Waulize. Insha zangu mwalimu alikuwa akizisoma mbele ya darasa, na nusu ya kijiji walikuja kwangu niwaandikie barua za watoto wao walioko mijini. Wewe ulikuwa unatafuna penseli na kulia. Leo redio inakusoma, mimi nakunja pindo za suruali za watu. Sekondari ulikwenda wewe. Mimi nilibaki shambani baada ya baba kuugua, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kubeba mgongoni bomba la kupulizia dawa.

Sasa nifike kwenye ujumbe wako. Umesema tangu redio isome makala baba hataki tena kwenda kijiweni, wanamwita Mzee Vizibo, na hujui kwa nini amekununia wewe. Umesema baada ya mavuno makala inachapwa kijitabu cha kugawa mashuleni, ukaniomba niongee naye akubali. Nimeirudia ile sentensi yako: kwamba baba yako mzazi, kwa kutojua kusoma kibandiko, alizidisha vizibo vya dawa mwenyewe, ikamwangusha. Editha, umekosea. Ulikuwa na miaka mitatu, hukuwa na njia ya kujua. Na nikuambie ukweli wangu wote: nilipoliona kosa lile nilifurahi. Siku mbili nzima nilitembea na furaha hiyo, kwamba mwandishi mkubwa hajui habari za nyumba yake.

Dawa niliipima mimi.

Mwaka ule mvua zilizidi, nyanya zikaungua kwa ukungu. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kuchanganya. Ya baba ilikuwa kupulizia. Tulipima kwa kizibo cha soda, viwili kwa bomba moja. Lakini dawa za dukani zilikuwa zinachakachuliwa, kwa hiyo kila aliyechanganya alichovya kidole, akaonja kwa ncha ya ulimi, kisha akatema. Ikikuuma, inatosha. Isipokuuma, unaongeza. Hilo kwenye makala yako halimo, maana wewe hukuwahi kuchanganya. Nakupa bure, na linaniuma kukupa, maana ningeliandika vizuri kuliko wewe.

Siku hiyo nilikuwa na mafua makali. Nikaonja, sikusikia kitu. Nikaongeza kizibo. Nikaonja tena, wapi. Nikaongeza mpaka vikawa vitano, ndipo nikahisi kaukali kidogo. Baba akajitwika bomba, na lile bomba lilikuwa linavuja mgongoni. Kabla hajamaliza tuta la nne alikaa chini, jasho na mate vinamtoka, mwili unamtetemeka. Majirani wakambeba, wakamnywesha maziwa. Mimi nikaenda kuosha bomba mtoni kama kawaida yetu. Wale kambale ulioandika habari zao ni wangu pia.

Walipouliza nani kapima, nilifungua mdomo. Baba akaniwahi. Akasema, "Nimepima mwenyewe." Mtu hawezi hata kukaa, anasema amepima mwenyewe! Nami nikafunga mdomo, nimeufunga mpaka leo.

Kwa hiyo kabla hawajachapa, mfute baba, uniweke mimi. Tena usije ukaandika "binti mmoja". Andika Veronika, dada yako wa tumbo moja, na uandike kwamba kibandiko alikuwa anajua kukisoma. Miaka yote nimetamani jina langu lichapwe. Basi lichape hapo. Wivu haujaisha, usidhani. Wakikusifu tena nitanuna tena. Lakini baba asiitwe Mzee Vizibo kwa ajili yangu.

Nisalimie mama, umwambie kitenge chake nimeshakikata, bado kushona. Nisalimie shangazi muuza pombe ya ulanzi na mumewe katekista, na mjomba mwenye mizinga, umwulize kama nyuki wameanza kurudi. Baba usimpe salamu zangu kwanza. Msomee barua hii yote, kuanzia juu, na ukifika kwenye vizibo usipunguze sauti. Akikuambia alipima mwenyewe, usimkubalie.

Dada yako,
Veronika