Kumi ya Mama

Nakivale, karibu na Base Camp
Jumamosi, 20 Septemba

Kaka yangu mpendwa Gad,

Salamu zangu kwako, kwa wifi Doriane na kwa watoto, hasa yule mdogo ambaye Déo anasema siku hizi anang'ata kila anayembeba. Je, kifua chako kimepona? Na duka linakwendaje? Sisi huku tuko, Mungu anatushika. Mvua imeanza mapema, barabara ya Kabingo imekuwa uji, lakini maharage yamechipuka vizuri kwenye kipande chetu cha chini. Mama anakula kidogo, ila anakula. Anakusalimu sana na anauliza kama bado unavaa lile sweta.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu zipo. Nyumba yetu unaijua: nikiongea simu, Mama anasikia hata ninavyopumua. Déo anarudi huko kwenu Kampala kesho, amekubali kuibeba barua hii. Na tena, kaka, kwenye simu wewe huniachi nimalize. Usikasirike, ni kweli.

Jumapili iliyopita, Déo alipokuambia kwamba Mama analala na viatu miguuni, ulinipigia kwa ukali. Ukauliza ni nani aliyeruhusu vile vyombo vya kuruka vipite juu ya nyumba ya mama yetu, na kama kweli hakuna aliyemuuliza. Nikasema mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Leo nakujibu.

Unakumbuka mwaka jana nilipata kazi ya ukalimani kwa wale watafiti wa Mbarara. Wanatafuta namna ambavyo mji unaweza kusafirisha watu na mizigo kwa hewa, kwa vyombo vidogo vya umeme, vyenye feni nane, visivyo na rubani. Ni watu wa nchi tatu. Yuko Daktari Rwakabuba, Munyankole wa hapahapa Uganda, ndiye mkubwa wa mradi. Yuko Inès, Mfaransa wa Toulouse, ambaye kazi yake yote ni kupima kelele. Na wako Wakorea, ambao nimewaona kwenye kompyuta tu wakiinama kusalimia. Walianza juu ya mji wa Mbarara wenyewe, halafu wakaamua kuchora mstari mmoja mpaka huku kwetu, wa kuleta damu na dawa, na baadaye, wakiruhusiwa, wa kubeba wagonjwa. Lakini sharti lao lilikuwa kwamba watu walio chini ya mstari waulizwe kwanza. Hilo lilinipendeza mno. Miaka kumi na miwili niko hapa kambini, nimeulizwa nina sufuria ngapi na naenda choo gani, ila sijawahi kuulizwa kama kelele inanisumbua.

Basi wakasimamisha hema kwenye uwanja wa mpira, fasi ambayo chombo kingetua. Mtu anaingia, anakaa, anasikilizishwa sauti ya chombo kwenye spika, kisha mimi namuuliza: kutoka sifuri mpaka kumi, sauti hii inakusumbua kiasi gani? Sifuri, haisumbui hata kidogo. Kumi, haivumiliki. Swali hilohilo liliulizwa Toulouse na Korea. Watu mia moja na kumi na wawili walipita mbele yangu, na karibu wote walisema kumi. Tena walisema wakicheka. Mzee Gervais alisema kumi, akampa Inès mkono, akauliza chombo kitaanza lini. Mimi niliandika tu, sikuona ajabu yoyote.

Mwezi haukuisha, Rwakabuba akanipigia. "Mariette, hii watu yako iko na shida gani?" Kumbe Toulouse walikuwa wamesoma hesabu na kuona kwamba hakuna watu duniani wanaoteswa na sauti ile kama sisi. Mstari wa Nakivale ulikuwa unafutwa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, maana hapo ndipo nilipoelewa. Sisi tulisoma shule za kumi juu ya kumi. Mgeni ametoka mbali, amekupa kiti, amekusikilizisha mashine yake kwa heshima, halafu wewe umpe sifuri? Sifuri ni ya mtoto aliyeshindwa darasani. Watu walikuwa wanampa Inès maksi, na kama ningekaa kile kiti, mimi pia ningempa kumi. Nilipomweleza, Inès alifunika uso kwa mikono, akacheka, akasema kosa ni lake. Akaniagiza nirudi kwa kila mmoja, nyumba kwa nyumba, nisitaje namba, niulize kwa maneno, kisha nibadilishe kwenye karatasi kufuatana na nitakachojibiwa.

Nilizunguka wiki mbili kwa miguu. Kwa karibu wote, kumi iligeuka sifuri au moja. Mstari ukarudishwa, na tangu mwezi wa sita chombo kinapita kila Jumanne na Ijumaa. Sitasema uongo, kinafaa. Mwezi wa nane jirani yetu Mutesi alitokwa damu nyingi akijifungua, na lori lilikuwa limeanguka Kaberebere na kuziba barabara. Damu ilifika kutoka Mbarara kwa dakika ishirini na tano. Mtoto ni wa kiume na analia kuliko chombo chenyewe.

Sasa nije kwa Mama, maana nimezunguka vya kutosha.

Mama naye aliingia hemani. Hakucheka. Sauti ilipoanza alisimama, akashika mlingoti wa hema kwa mikono miwili. Akasema kumi kwa sauti ndogo, akaomba maji. Wewe siku ile ya Fizi, kule kwetu Kongo, ulikuwa umeenda Baraka kununua chumvi, hukusikia. Mimi nilikuwa shambani pamoja naye. Ile helikopta ilitokea nyuma ya mlima, na Baba alikuwa ameinama anafunga mbuzi. Yaliyofuata unayajua.

Katika kuzunguka kwangu, nyumba yetu ilikuwa ya mwisho. Kaka, sikumuuliza. Nilikaa mezani, yeye yuko jikoni anasonga ugali, nikafuta kumi yake nikaandika sifuri. Nilijua vizuri kwamba yake haikuwa maksi. Niliifuta kwa sababu mstari unapita juu ya bati letu kabisa, na Rwakabuba alishasema kwamba kumi moja tu ya kweli chini ya mstari inasimamisha safari zote mpaka wachore mwingine. Niliogopa watachoka na sisi waondoke, na mimi nirudie jembe. Nikajidanganya kwamba atazoea. Hilo ndilo jibu la swali lako. Mama aliulizwa, akajibu, na aliyemziba mdomo ni mimi.

Hakuzoea. Jumanne na Ijumaa haendi shambani, anajificha chini ya kitanda, kadi zetu za chakula amezifunga kiunoni. Ninaona aibu hata kuandika.

Juzi nilimwambia. Alikuwa anachambua maharage. Nilipiga magoti nikasema yote, na yeye akaendelea kuchambua, mpaka nikatamani anipige tu yaishe. Nikamwambia Jumatatu ninakwenda Mbarara kumweleza Rwakabuba nilivyogeuza karatasi, wanifukuze, na vyombo visimamishwe. Hapo ndipo alipoinua uso.

"Kumi yangu uirudishe fasi yake," alisema. "Kisha ubaambie bapite, Mutesi iko na mutoto leo sababu yabo. Lakini banijulishe saa. Siku ile ya Fizi, hakuna mutu alitujulisha saa."

Jana ilikuwa Ijumaa. Asubuhi nilipiga simu Mbarara nikauliza, wakasema saa nane na robo. Nikamwambia Mama. Ilipokaribia akavaa viatu, akaja kukaa mlangoni, akanishika mkono. Chombo kikapita juu yetu. Mwanzo mpaka mwisho alinibana vidole mpaka vikaniuma, ila chini ya kitanda hakuingia. Mimi nililia, yeye hakulia. Kilipotua uwanjani nilimuuliza kama nilivyomuuliza hemani, sifuri mpaka kumi. Akasema kumi. Safari hii nimeiandika.

Kasirika, kaka, ni haki yako, lakini mpigie Mama kwanza kabla hujanipigia mimi. Jumatatu naipeleka kumi yake Mbarara pamoja na maneno yake; nikifukuzwa kazi nitakujulisha mwenyewe, usiisikie kwa Déo. Mbusu yule mwenye meno, mwambie wifi kitambaa chake kiko tayari. Tuombeane, na mbaki salama wote.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuomba msamaha,

Mariette