Mikungu Mitatu na Kindege cha Kemunto

Nyansiongo, Jumatatu jioni

Mama Kemunto bado amenuna, lakini mimi moyo wangu ni mweupe. Binti yetu amefika Nairobi salama.

Kutua kwake hapa Jumamosi hakukunitia wasiwasi. Kindege chake, anachokiendesha mwenyewe, hutua mahali pafupi sana. Kuruka ndiko kunakodai nafasi, na mwisho wa uwanja wetu wa nyasi kuna mikaratusi.

Jana mchana, jua kali, alipotaka kuondoka, mama yake akatokea na mikungu mitatu ya ndizi. Mtoto hatoki kwetu mikono mitupu.

“Mama, kwa uzito huu nitabaki kwenye ile miti.”

“Kinabeba watu wanne, kitashindwa na ndizi?”

Nikaeleza kwamba huku milimani hewa ni nyepesi, na joto huizidishia wepesi, hivyo injini na mabawa hupungukiwa nguvu.

“Mwalimu, mimi si mwanafunzi wako,” mke wangu akasema.

Kemunto akachukua kichane kimoja tu, akaahirisha safari hadi leo asubuhi kwenye baridi. Tulifyeka nyasi zisimpunguzie kasi, kisha akanisimamisha kando ya uwanja, nusu ya urefu wake. “Baba, nikikufikia bila kasi ya kutosha, nasimama.”

Magurudumu yaliacha ardhi kabla hajanifikia. Nilipiga makofi peke yangu kama mtoto.

Alipopiga simu kusema amefika, mama yake aliuliza jambo moja: “Kwa hiyo hata ile mikungu ingefika?”

Nilifungua kinywa nieleze, nikaghairi, nikamenya ndizi.