Povu la Chooni

Farsta, Stockholm

Kaka Khalfan,

Shikamoo. Sisi wazima, ila baridi imetukaba, na mwanangu Yassir siku hizi nikimwita kwa Kiswahili ananiitikia Kiswidi. Shemeji yako anakusalimu.

Juzi nilikwenda zahanati kupima presha. Nilidhani watanifunga ule mkanda mkononi basi, kumbe nesi, Mrundi mmoja aitwaye Gaudiose, akanipa na kikopo cha mkojo. Nikamuuliza, "Dada, presha si iko kwenye damu? Mkojo unaingiaje hapo?"

Akacheka. Akasema presha ikikaa juu muda mrefu huharibu chujio la figo polepole, na mwenyewe husikii maumivu. Ndiyo maana wanatafuta protini kwenye mkojo, na kwenye damu wanapima kreatinini, taka ambayo figo zikiwa nzima huitoa. Nilivyomng'ang'ania kwa maswali, akavuta kiti akakaa.

"Na mtu aliye nyumbani atajuaje?"

"Wengi hawaoni kitu. Wengine mkojo unafanya povu lisilokatika."

Majibu yangu ni mazuri. Lakini kaka, siku ya Idi tulipoongea kwa simu, si ulikuwa unamgombeza wifi kwamba anamwaga sabuni nyingi chooni, kila ukienda unakuta povu? Na dawa za presha ukaniambia unameza kichwa kikiuma tu.

Mwombe radhi wifi, sabuni yake haina kosa. Kisha nenda kapime mkojo.

Mdogo wako, nimekaa na simu mkononi,
Ziada