Kilichokuua si Jiko la Mama

Atieno,

Mwalimu wako ameniomba niandike maneno ya kukusifu, yasomwe mbele ya wanafunzi wapya wa udaktari. Anataka niseme ulikufa ukipigana na kipindupindu. Nina hasira mno kuwaandikia walio hai leo, kwa hiyo nakuandikia wewe.

Hukufa kwa kipindupindu. Ulikufa njaa, katika mji wenye chakula, ukiwa umezungukwa na madaktari.

Ugonjwa ulipoingia Nairobi, chuo kiliwatuma Kibera mkafundishe watu kuchemsha maji. Mkapewa amri: msile wala msinywe chochote katika nyumba za huko. Kwa wenzako ilikuwa amri rahisi. Jioni walirudi makwao. Lakini wewe kwenu ni Kibera. Hakuna aliyefikiria hilo. Nyumba uliyokatazwa kula ndani yake ilikuwa ya mama yetu.

Ukatii. Mama alikupakulia ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, ukasema, "Mama, siwezi, tumekatazwa." Akaifunika sahani kwa bakuli, kama anavyomfunikia kila mtoto aliye mbali, sehemu yake isipotee. Akasema, "Nyathina, mtoto wangu, atakula kazi ikiisha."

Kazi iliisha, hukula. Ulikuwa umeacha omena, ukaacha mboga, ukaacha maziwa. Mwishowe hata chai uliyoichemsha mwenyewe uliinusa ukaimwaga. Ulipokuja kwangu Kawangware, Mama Njeri mwenye ploti ninayopanga alikutazama akasema, "Daktari, umebaki macho tu. Anza kujitibu wewe, sisi tutangoja." Ulicheka sana. Nikakununulia hindi la kuchoma, ukalishika mpaka likapoa, kisha ukampa mbuzi wake. "Braza, usiniangalie hivyo," ukaniambia. "Niko sawa."

Mwalimu wako alikuwa akikusimamisha mbele ya darasa: tazameni nidhamu. Wambui, mliyekaa naye chumba kimoja bwenini, amenieleza mengine. Alimwendea mwalimu huyo akamwambia kwamba huli. Maradhi ya kujinyima chakula yamo vitabuni mwenu. Yana jina, yana sura yake. Mwalimu akamjibu, "Hayo ni ya wasichana wa Ulaya. Tangu lini Mwafrika akakataa chakula?" Ulipoanguka wodini wakakupima kipindupindu. Hawakukiona. Wakapima tena.

Mimi mwandishi wa habari nimeripoti moto, mafuriko na mazishi ya wakubwa bila kusita. Jibu hilo la mwalimu nimeshindwa kulinukuu bila kuweka kalamu chini.

Na wewe pia nimekukasirikia. Sura hiyo uliisoma. Wambui anasema uliipigia mistari.

Lakini kuna jambo ambalo sitawasamehe mwalimu wako na chuo chake. Waliacha uvumi wa kipindupindu uenee, maana uliwafaa. Matangani hakuna aliyegusa chakula cha Mama. Watu walikaa, wakaimba, wakatazama sufuria zilizojaa, wakaondoka. Majirani waliokula kwake miaka yote walipeana mkono naye kwa ncha za vidole. Sasa Mama anaamini ni jiko lake lililokuua. Amelizima. Anakunywa uji anaoletewa na watu wa kanisa, na sahani yako bado iko rafuni, imefunikwa, haina kitu.

Juzi Wambui alikuja kunisalimu. Nilimwekea mkate na chai. Mkate aliukatakata vipande vidogo, akavipanga, hakula hata kimoja. Nikaijua dalili hiyo.

Nikaenda Kibera, nikamwambia Mama nina mgeni wa Jumapili, apike. Akasema, "Unataka niue na mtoto wa watu?" Ndipo nikamweleza yote, taratibu, kama nilivyokuandikia hapa. Hakulia. Akauliza, "Kwa hiyo omena wangu walikuwa safi?" Nikamwambia walikuwa safi, Mama. Akainuka akatafuta kiberiti.

Mwalimu wako atapata maneno yake. Nitaenda kuyasoma mwenyewe, nikisimama mbele ya hao wapya, naye akiwa ameketi mbele. Nitawasomea alichomjibu Wambui, neno kwa neno. Baadaye anifukuze akitaka.

Pumzika, dada yangu. Jumapili nitaiteremsha sahani yako. Nitampakulia Wambui humo, nami nitakaa hapo hapo karibu naye, hata ugali upoe, hata jua lizame. Sitamwambia amalize. Nitamwomba aonje tu, Mama akiwa anamtazama.

Kaka yako,
Ouma