Zipu amerudi mlangoni

Shoga, acha unachofanya usome hii. Zipu amekuja hapa kazini. Zipu yule yule, meneja wetu wa supamaketi, aliyekuwa akitupanga mstari kila jioni tufungue mikoba.

Wewe hujaliona jengo tangu liwe hospitali. Palipokuwa na rafu za maziwa sasa ni maabara. Ila mlango wa kutokea ni ule ule, na mlinzi wake ndiyo mimi.

Unakumbuka alivyomwaga mkoba wako mbele ya wateja, pedi zikatawanyika sakafuni, akacheka? Mimi sijasahau.

Basi leo anatoka, kazeeka, kakumbatia mfuko wa plastiki. Hakunitambua. Nikamwambia, "Mzee, mwaga hapo mezani." Hospitali haina utaratibu huo. Nimeutunga papo hapo.

Akamwaga bila kubisha, watu wanaangalia. Nikamwambia, "Inua mikono, sema sina cha mtu." Maneno yake mwenyewe ya kila jioni, shoga. Hapo ndipo aliponitazama vizuri, akanijua.

Akainua. Akasema, "Sina cha mtu."

Ndiyo nikaangalia mezani. Gauni la kulalia, ndala za kike, miwani, na pete ndani ya bahasha ya mochwari.

Ni mkewe. Kafa asubuhi hii.

Nikamwambia, "Haya, kusanya upite." Hata pole sikumpa.

Tangu saa ile nimekaa hapa nasubiri roho iniume. Hainiumi.