Shikamoo ya Mzee Hoza

Jumanne, 14 Julai

Swali langu la siku nyingi ni hili: mgonjwa mahututi akianza kupayuka, tulaumu maradhi au dawa tuliyompa sisi?

Mzee Hoza, mkulima wa Malindi, ana maambukizi kwenye damu na figo dhaifu. Juzi, siku ya nne ya antibiotiki, alimwambia muuguzi mwanafunzi, "Shikamoo, bibi." Mkewe naye akapewa shikamoo, kisha mzee akaanza kumwomba radhi kwa makosa ya kila mwaka, mmoja baada ya mwingine, tangu walipooana.

Nikaogopa. Figo zikilegea, dawa ile hurundikana mwilini na kuvuruga ubongo. Niliibadilisha, huku nikihofu kwamba maambukizi yangemzidi nguvu. Mkewe akanifuata mlangoni: "Daktari mwanangu, ungengoja kidogo. Tulikuwa tumefika mwaka wa tatu tu."

Leo asubuhi mzee amenikaripia: "Wewe binti, unapita bila kuamkia? Na huyu mke wangu ananikodolea macho ya nini?"

Nilifurahi hadi nikasahau kumwamkia. Mkewe alisema, "Haya, amepona," akashusha pumzi.

Hata hivyo sina hakika kwamba dawa ndiyo iliyomvuruga, kwa sababu homa nayo ilianza kushuka siku ile ile niliyoibadilisha. Ningejua tu kwa kumrudishia dawa ileile, jambo nisiloweza kulifanya, ingawa mkewe ameshaniomba mara mbili.